Chuo Hakina Kengele

Hotuba kwa wazazi na vijana waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu, iliyotolewa Newala

Wazee wangu na mama zangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu mliowalea vijana hawa hadi wakamaliza kidato cha sita, nawasalimu kwa heshima ya pekee. Nanyi wadogo zangu ambao majina yenu yametoka katika orodha za udahili, hongereni sana.

Nimeombwa niseme juu ya namna ya kuyazoea maisha ya chuo kikuu, na nadhani nimeombwa mimi kwa sababu nilitoka hapa hapa juu uwandani, nikaenda Mlimani, Dar es Salaam, na begi moja na godoro lililofungwa kamba, na sasa kwa miaka kadhaa kazi yangu ni kuendesha semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kingine cha umma ambacho sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya visa nitakavyovisimulia vinawahusu watu waliopo. Mifano mingi nitaitoa Mlimani, maana ndiko ninakokujua kwa miguu yangu. Aliyepangiwa Dodoma, Sokoine au Mzumbe asidhani hayamhusu. Mandhari yatatofautiana, ila mgeni atahangaika kwa namna ile ile.

Tangu darasa la kwanza mmeishi kwa kengele. Waliosoma bweni wanajua kwamba kulikuwa na kengele ya kuamka, ya usafi, ya mstarini, ya chai, ya vipindi na ya kujisomea usiku, na baada yake mwalimu wa zamu alipita na tochi kuhakikisha kwamba mmelala. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria wameishi kwa filimbi, ambayo ni kali kuliko kengele. Chuoni hamtaikuta. Ukilala hadi saa tano, hakuna atakayekugongea mlango. Usipoingia darasani wiki tatu, hakuna atakayempigia mzazi wako simu. Na usipoandika jaribio, utaona tu nafasi tupu mbele ya namba yako ya usajili siku matokeo yanapotoka. Vijana wengi huipokea hali hii kama uhuru, na ni uhuru kweli. Hata hivyo, kwa jinsi nilivyoona mwaka baada ya mwaka, wengi wa wanaoanguka hawaangushwi na uzito wa masomo. Wanaanguka kimya kimya katikati ya maelfu ya watu, bila hata mwalimu mmoja kuwajua kwa jina wala sura, na anapokuja kutokea mtu wa kuwauliza wana shida gani, mitihani imeshapita.

Ukubwa wenyewe ni jambo la kuelewa kabla hamjafika. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 15, wote wa sheria. Katika darasa la namna hiyo mwalimu anamjua kila mtu kwa jina, kwa mwandiko, na nafikiri hata kwa kikohozi chake. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Leo wanafunzi wake ni makumi ya maelfu. Wazazi wengi hapa mlilijua jengo lake la Nkrumah kwenye noti ya shilingi 500, kabla noti ile haijaiachia sarafu nafasi, na katika picha lilionekana kama kitu kidogo cha kutulia. Mtoto wako atakapolifikia atakuta njia zinapanda na kushuka, vitivo vimeachana kwa mwendo wa dakika kumi na tano, na vipindi viwili vinavyofuatana vimepangwa kimoja chini kwenye kumbi za Yombo na kingine mwisho kabisa wa upande wa pili.

Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa wa Taaluma za Maendeleo, kozi ambayo karibu kila mwanafunzi anaisoma na ambayo wote huiita DS. Ratiba ilisema saa mbili. Nilifika saa mbili kamili, kwa mazoea ya shule, nikidhani kufika saa ile ile ndiko kuwahi, nikakuta ukumbi umejaa mpaka mlangoni, na wenzangu waliofika saa moja na nusu wameshaweka madaftari juu ya viti vya marafiki zao. Nilisimama nje dirishani na daftari nimeliegemeza ukutani. Mhadhiri nilimsikia kupitia spika, kwa vipande, na kila upepo ulipovuma nilipoteza sentensi. Nilichokiandika siku ile ninacho mpaka leo: mistari sita, na mmoja kati yake ni jina la kitabu nililolikosea. Nilirudi chumbani nimefadhaika, nikidhani kwamba kila mtu ameelewa isipokuwa mimi. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba aliyekaa mbele kabisa naye alikuwa na mistari yake sita.

Basi jambo la kwanza ambalo ningependa mlitambue ni kwamba mhadhara haufundishi kozi nzima, na wala haukukusudiwa kufanya hivyo. Tupige hesabu pamoja, kwa kuwa hesabu hii nilikuja kuielewa nikiwa mwaka wa tatu. Katika utaratibu wa vyuo vyetu, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Kama kwa wiki una saa mbili za mhadhara na saa moja ya semina, kwa wiki 15 umekaa darasani saa 45. Zilizobaki ni 75, na hizo hazipo kwenye ratiba ukutani, hazina chumba wala mwalimu, zinakusubiri wewe mwenyewe. Ukizigawa, ni saa tano kila wiki kwa kozi moja. Na ukiwa na kozi tano, ni saa 25 kila wiki za kusoma bila kusukumwa na mtu. Mwanafunzi anayesema kwamba Jumatano hana kipindi, kwa hiyo Jumatano ni mapumziko, bado anasikiliza kengele ya shule, na kwa kuwa haisikii anadhani kazi imekwisha.

Saa hizo 25 zitafutieni mahali. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina nafasi za watu zaidi ya 2,000, lakini majuma ya mitihani itabidi uwahi kama unayewahi basi la alfajiri. Vipo pia vimbweta, yaani zile meza na benchi za zege zilizopangwa chini ya miti, na mimi nikiri kwamba elimu yangu nyingi niliipata kimbwetani kuliko ukumbini. Kimbweta kina faida ambayo maktaba haina: mnaruhusiwa kusema. Watu wanne wanaosoma makala moja kisha wakabishana juu yake kwa saa nzima wanaondoka na kitu ambacho hakisahauliki. Angalieni tu tumbili. Wapo wengi, wamewazoea watu, na mkate ulioachwa mezani wakati mwenyewe anatafuta ukurasa hautakaa.

Sasa niseme juu ya mitihani, kwa kifupi, maana haya mtaelezwa na vitivo vyenu mara kumi. Kwa desturi ya Mlimani kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi wanauita UE, hubeba 60. Alama hugeuzwa pointi, A ikiwa 5, B+ 4, B 3, C 2, na wastani wake ndio GPA. Shahada ya daraja la kwanza huanzia 4.4. Anayeshindwa kozi hurudia mtihani, yaani anapata sup, na hata akiufanya vizuri namna gani hapewi zaidi ya C. Anayeanguka kupita kiasi kilichowekwa huondolewa, na neno la wanafunzi kwa hilo ni kudisko. Mtalisikia likisemwa kwa utani, ila si utani. Ninachotaka mkishike ni kwamba muhula wa kwanza huhesabiwa sawa na ule wa mwisho. Nimewaona vijana wenye akili sana waliotumia mwaka wa kwanza kuzoea, kama wenyewe wanavyosema, kisha wakatumia miaka miwili kulipa deni la mazoea hayo.

Hapa ndipo panapoingia madesa. Desa ni muhtasari ulioandikwa na mtu mwingine, aghalabu mwanafunzi wa miaka iliyopita, ukachapwa, ukauzwa kwenye steshenari, sasa hivi husambazwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp. Sisemi kwamba desa ni haramu. Mtu aliyesoma kitabu akalitazama desa ili ajikumbushe hana kosa. Tatizo ni yule anayelipa desa nafasi ya kitabu. Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi wangu kuhusu siasa ya Ujamaa, na katika insha ya tano nikasoma kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1976. Nikazungushia kalamu nyekundu, nikadhani ni ulimi wa kalamu. Insha ya nane, 1976. Insha ya kumi na moja, 1976. Nilipomaliza rundo nilikuwa na insha 23 zilizokubaliana kwamba Azimio lilikuja miaka tisa baada ya kuja kwake, na hawa ni watoto wa Kitanzania ambao tangu shule ya msingi wameimbishwa Februari 1967. Kulikuwa na desa moja, na aliyelichapa alizigeuza tarakimu mbili. Walijua jibu sahihi, kila mmoja wao. Waliliamini karatasi kuliko kumbukumbu zao. Nilipowauliza, mmoja aliniambia kwa unyenyekevu kabisa, "Mwalimu, mimi niliona mwaka huo si sahihi, lakini nikafikiri labda chuo kikuu wana mwaka wao." Niliicheka kauli ile nyumbani, halafu usiku ikanisumbua. Kijana yule hakuwa mvivu. Alikuwa amekubali kwamba mahali pakubwa namna ile lazima pawe pamemzidi akili.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayowafunga midomo kwenye semina, na juu ya semina nataka nikae kidogo, kwa sababu ndicho chumba kimoja katika chuo kizima ambamo idadi ya watu inashuka hadi 20 au 30 na ambamo mtu anaweza kujulikana. Mwanafunzi huketi saa moja, anaandika, anatikisa kichwa, anatoka. Ukikutana naye dakika tano baadaye kimbwetani, yule yule aliyekuwa bubu anachambua hoja mpaka wenzake wanamsogelea. Tofauti ni lugha. Semina ni Kiingereza, kimbweta ni Kiswahili. Tuseme ukweli mbele ya walimu wetu bila kuwalaumu: shule zetu zinaandika Kiingereza ubaoni na kueleza kwa Kiswahili, na mtihani unakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana anafika chuoni akiwa anaweza kukisoma na kukinakili, lakini hajawahi kubishana kwa lugha hiyo hata dakika mbili. Labda ukienda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili, utapumua kidogo. Kwingineko lazima uvuke daraja hilo, na kulalamika kwamba daraja lilipaswa kujengwa mapema, ingawa ni kweli, hakutakuvusha.

Njia niliyoitumia mwenyewe, na ambayo nawapa wanafunzi wangu, ni hii. Soma makala ya wiki. Kaa na wenzako muijadili kwa Kiswahili, au hata Kimakonde kama mpo wawili wa nyumbani, mpaka uwe na msimamo wako. Kisha chukua karatasi uandike kwa Kiingereza sentensi tatu tu: mwandishi anasema nini, mimi nakubali au nakataa nini, kwa nini. Nenda semina na karatasi hiyo. Zungumzo likifika hapo, nyoosha mkono mapema, kabla wenye ulimi mwepesi hawajazimaliza hoja, usome sentensi zako. Hakuna kanuni inayokataza kusoma. Mara ya kwanza sauti itatetemeka, na pengine atatokea mtu nyuma wa kucheka. Wapo, na karibu wote ni watu wasiosoma makala. Kufikia wiki ya sita utaona kwamba sentensi mbili umezisema bila kuangalia karatasi.

Na jingine linalowazuia ni adabu. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hampingi mkubwa mbele ya watu, na malezi hayo mimi siyadharau. Lakini Mlimani ilijipatia jina kwa ubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 alifundisha pale Mguyana mmoja, mwanahistoria Walter Rodney, na wanafunzi wa enzi hizo, akiwamo Yoweri Museveni ambaye baadaye akawa Rais wa Uganda, walikuwa wakibishana na walimu wao, na walimu wakibishana wenyewe kwa wenyewe hadharani. Kumwambia mhadhiri "samahani mwalimu, nimeisoma sehemu hii na nimeielewa tofauti" hakumvunjii heshima. Kwa mhadhiri mwenye kuipenda kazi yake, ni sentensi anayoingoja muhula mzima.

Niingie katika maisha ya nje ya darasa. Chumba kitakuwa jambo la kwanza kuwapa homa. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli zilizopewa jina la Magufuli, zenye nafasi 3,840, na zipo kumbi za zamani pamoja na hosteli ya Mabibo iliyo nje ya eneo la chuo, lakini wanafunzi wanaongezeka kila mwaka na si kila anayeomba atapata. Aombe mapema, na mwaka wa kwanza ajitahidi awe ndani au karibu kadiri inavyowezekana, kwa sababu aliyepanga mbali anatoka kwenye kipindi na kukimbilia daladala, na hivyo anavikosa vimbweta, vikundi, na yale mazungumzo ya jioni ambayo ndiyo yanayomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Anayepanga mtaani, Changanyikeni au Msewe au Sinza, apange na mwenzake wanayeelewana, na asimlipe dalali kabla hajaona mlango ukifunguliwa kwa ufunguo.

Mtasikia pia neno kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake asiye na kitanda. Kanuni zinakataza, na ubinadamu unasukuma upande wa pili. Sitawaambia mvunje kanuni. Nawaambia tu kwamba ukibebwa, uwe mgeni mwepesi, na ukaendelee kutafuta pako kila siku, maana urafiki mwingi nilioujua ulivunjikia katika kitanda kimoja cha futi mbili na nusu.

Utakaa na mtu ambaye hukumchagua: Mhaya, Mpemba, Mnyakyusa, mtoto wa waziri, mtoto wa muuza mkaa. Mmoja ataswali alfajiri na mwingine atapiga muziki usiku wa manane. Yasemeni mambo haya wiki ya kwanza, mkiwa bado mnaoneana haya, kwa kuwa haya hiyo ndiyo itakayowafanya mwongee kwa upole. Sisi wa Newala tuna kitu cha kuwafundisha wenzetu hapa. Mtu aliyekulia juu ya uwanda usio na maji, akamwona mama yake akipima ndoo, hawezi kuacha bomba likimwagika bafuni. Na maji yanapokatika hosteli, kama yanavyokatika mahali pengi Dar es Salaam, utashangaa jinsi utakavyoheshimiwa kwa kujua kuoga kwa kopo moja.

Fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu una sehemu mbalimbali, na ile ya chakula na malazi inayoingia mkononi wanafunzi wanaiita boom. Wazazi wangu, ninyi ndio walimu wa jambo hili kuliko mimi. Korosho huleta fedha kwa msimu: mnada umefanyika, chama cha msingi kimelipa, na kwa siku mbili nyumba nzima ni matajiri. Mnajua nani huwa na akiba Machi na nani huwa hana. Boom huja hivyo hivyo, kwa mkupuo, na huisha hivyo hivyo. Mfundisheni kijana aigawe kwa wiki siku ile ile inapoingia, na gawio la wiki liwekwe mahali ambapo haliwezi kutolewa kwa kubonyeza simu mara tatu. Kwa sababu siku hizi chuoni hasara haipo kwenye pombe peke yake; ipo kwenye kubeti, na ipo kwenye mikopo ya mtandaoni ambayo ukichelewa siku mbili wanawapigia simu watu wote waliomo katika orodha yako ya majina, kuanzia shangazi. Pia nawaomba wazazi, kwa unyenyekevu, msiihesabu boom kama mshahara wa nyumbani. Ni deni. Atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe.

Mabinti zangu, na hili nalisema mbele ya baba zenu makusudi ili siku mkilisema wasidhani mmelitunga. Anaweza kutokea mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako akakudai mwili wako, kwa kukuahidi au kwa kukutisha. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usiende peke yako ofisini wala mahali pengine unapoitwa saa zisizo za kazi. Hifadhi ujumbe, usiufute kwa aibu. Vyuo vina dawati la jinsia, na TAKUKURU ina ofisi na simu. Nanyi akina baba, binti akiwapigia kueleza jambo hili, sentensi yenu ya kwanza isiwe "ulikuwa umevaa nini".

Kuhusu siasa za wanafunzi, jumuiya za dini, michezo na vyama vya watu wa mkoa mmoja, yote yapo na yote yana milango wazi. Shauri langu ni kuchagua moja, au mawili kwa wenye nguvu. Jumuiya ndogo ndani ya chuo kikubwa ndiyo inayojua kwamba hukuonekana Ijumaa. Chama cha watu wa nyumbani ni kizuri kwa msiba na kwa homa, ila ukiishi ndani yake tu miaka mitatu utakuwa umehamisha Newala badala ya kwenda chuo kikuu.

Mwaka juzi kulikuwa na kijana mmoja katika kundi langu la semina ambaye sikumjua kabisa. Siku moja, wiki ya nne, nilifungua mlango wa ofisi nikitaka kwenda kula nikamkuta amesimama ukutani na karatasi imekunjwa mara nne. Akaniamkia. Nikamuuliza ana shida gani, akasema hana shida, anapita tu. Wiki ya tano nikamkuta tena, anapita tu. Ofisi yangu ipo mwisho wa korido, hakuna anayepita. Wiki ya sita nikamwambia aingie, akae, na akaifungua ile karatasi. Alikuwa ameandika swali moja, limekatwa na kuandikwa upya mara nyingi: neno "nadharia" maana yake nini hasa, kwa sababu kila mhadhiri analitumia na hakuna anayelieleza. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa muhula ule. Nilimwomba ruhusa niliulize darasa zima, na katika watu 27 hakuna aliyeweza kulijibu, wala mimi sikulijibu vizuri mara ya kwanza. Kuanzia siku hiyo nilimjua, na alipougua muhula wa pili akakosa jaribio, ni mimi niliyeuliza yuko wapi, na alipata kuliandika baadaye kwa cheti cha daktari.

Kwa hiyo wazazi wangu, mabasi yataondoka Oktoba na simu zitaanza Novemba. Najua mtakavyouliza: unakula, unasali, umepata ngapi. Ulizeni hayo. Lakini kabla ya hayo, kila simu ya muhula wa kwanza, mwulizeni mwalimu wake wa semina anaitwa nani, na lini mara ya mwisho walizungumza. Akilitaja jina na siku bila kusita, mwacheni aendelee na shughuli zake. Akinyamaza, au akisema kwamba chuo ni kikubwa sana huwezi kujua majina, mpeni wiki moja, halafu mpigieni tena.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nitabaki hapa hadi alasiri, na mwenye swali lililokunjwa mfukoni aje alifungue.